Boliti ya Pembe Tano

Wenzangu mliokulia Katindiuka, kwetu bonde la Kilombero, enzi zile Viwanja Sitini palipokuwa mjini kweli kweli, mtu haendi huko mpaka apakwe mafuta miguuni, nadhani mnaikumbuka pampu yetu. Ilisimama kando ya njia ya kwenda mashambani, rangi yake ya kijani imebabuka, na mkono wake mrefu ulilia kama bata kila ulipovutwa. Sisi watoto tulining'inia juu yake wawili wawili, miguu ikielea hewani, mpaka atokee mama mmoja na kijiti. Maji yake yalikuwa na ladha ya chuma. Hadi leo nikinywa haya maji ya chupa naona kama kuna kitu wamesahau kutia.

Utoto wetu ulikuwa kazi, ila kazi yenyewe ilikuwa imejaa michezo. Asubuhi tulikwenda shule, mchana tukaenda kuamia ndege kwenye mpunga. Tulikaa juu ya dungu, tukipiga makopo na kurusha udongo kwa kombeo, huku koo zikikauka kwa kupiga kelele. Jioni ilikuwa rede au kombolela, na usiku wali na samaki mbasa wa kukaushwa, ambaye harufu yake ilitufikia tukiwa bado tumejificha nyuma ya majani ya migomba, na wengi wetu tulikamatwa kwa sababu ya njaa. Vijana wa leo wana mchezo ndani ya simu unaoitwa shamba. Wanapanda, wanamwagilia, wanavuna, wala jasho haliwatoki. Mwanangu alinionesha mavuno yake nikampongeza, kisha nikamwomba aniletee jembe la kweli, akaniuliza huwa linakaa wapi.

Katika michezo yote hiyo dada yangu Skolastika, ambaye wote tulimwita Skola, alishiriki nusu nusu. Alikuwa amenitangulia kwa miaka michache, binti mrefu, mkimya, mwenye vidole vyembamba visivyotulia. Wavulana tulitengeneza magari ya makopo, tukakata matairi kwenye kandambili zilizochakaa. Magari yetu yalikwenda moja kwa moja mpaka ukutani. La Skola lilikuwa na usukani wa waya unaozunguka, likakata kona. Alikuwa akifungua kila kitu kinachofunguka nyumbani. Kufuli, taa ya chemli, hata redio ya baba, ambayo aliirudishia na ikaongea vizuri kuliko mwanzo, lakini alichapwa hata hivyo. Mama alikuwa akisema, "Mtoto huyu ukimwachia mlango atataka kujua bawaba zinafikiri nini."

Kiangazi kimoja pampu ikaacha kutoa maji. Mkono ulipanda na kushuka, mwepesi kama jani, na chini hakukuja kitu. Wazee waliojua mambo hayo walisema ni ngozi za ndani zimekwisha, zile zinazovuta maji, nazo hubadilishwa tu. Kazi ndogo. Unafungua kifuniko cha juu, unatoa fimbo ya chuma, unavalisha ngozi mpya.

Shida ilikuwa kufungua hicho kifuniko. Kilishikwa na boliti moja nene, na boliti hiyo ilikuwa na kichwa ambacho hakuna aliyewahi kukiona mahali pengine. Tena kilikuwa kimezama ndani ya kikombe cha chuma, kiasi kwamba huwezi kukibana kwa plaizi wala kukifikia kwa tupa. Wale waliokuja kuichimba pampu walisema wameweka boliti ya namna hiyo ili wezi wasiweze kuifungua. Walikuwa na spana yake, wakaondoka nayo, wakaahidi kurudi. Kweli wezi hawakuifungua, na sisi hatukuifungua.

Ukaanza msako wa spana. Kila nyumba ilitoa ilichonacho, na sisi watoto ndio tuliotumwa. Siku moja mama alituagiza kwa fundi baiskeli wa Viwanja Sitini tukaazime ile spana inayofunguka na kubana saizi zote. Mama alikuwa mwanakwaya, na jina la spana ile hakuwa tayari kulipitisha mdomoni. Alitueleza kwa mikono tu. Tulipofika fundi akauliza, "Spana ipi?" Skola akaanza kueleza kwa mikono kama mama. Mimi nikaona tunacheleweshana, nikaitaja kwa jina lake la gereji, kwa sauti ya kuamia ndege: "Mama anaomba spana malaya." Katekista alikuwa pale pale, amekuja kuziba pancha. Jumapili ile mama alikaa benchi la nyuma kabisa.

Hata hiyo haikufaa, maana mdomo wake haukuingia kwenye kikombe. Spana za boksi, zenye mdomo kama kikombe, ziliingia, lakini hakuna iliyoshika, nyingine zikizunguka bure, nyingine zikigoma kushuka. Baba yetu alikuwa mjumbe wa kamati ya maji, mtu wa heshima zake, akaona aibu ni yake. Akachora kichwa kile kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akapanda treni mpaka Mlimba, ambako kulikuwa na mafundi wa reli waliojulikana bonde zima. Walimpokea vizuri. Walimtengenezea spana nzuri mno, nyeusi, nzito, yenye mkono wa kushikia, tena wakamchangamkia kwa chai. Alirudi ameipakata kama mtoto mchanga. Watu walijaa pale kisimani. Akaishusha kwenye kikombe, nayo ikakataa. Akaigeuza, ikakataa tena.

Watu walipoanza kutawanyika, Skola alipiga magoti akaingiza kidole ndani ya kikombe. Alikipitisha polepole kuzunguka kile kichwa, macho ameyafumba.

"Baba," alisema, "ulichora pembe sita."

"Boliti ina pembe sita," baba alijibu. "Au nne."

"Hii ina tano."

Baba alimwambia aondoke pale akamsaidie mama yake. Lakini walipoondoka wengine nilimwona anaingiza kidole chake mwenyewe, akazunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wengi tumewahi kuangalia kitu tukakiona kama tulivyokizoea. Yeye alikuwa amesafiri mpaka Mlimba na mazoea yake, na kurudi huko kusema alihesabu vibaya kukamshinda kwa aibu.

Kiangazi kikazidi, na wanawake wakawa wanateka maji mto Lumemo, kwenye madimbwi yaliyobaki. Hapo ndipo mamba alipomkamata mama Kaspa, jirani yetu, mama mcheshi aliyetugawia ukoko wa wali kila tukipita kwake. Alimshika mkono alipoinama kuchota. Wenzake walimng'ang'ania kiunoni, wakampiga mamba kwa ndoo na kwa miti mpaka akamwachia. Alipona, lakini hospitali walimkata mkono juu ya kiwiko. Mama yetu alikuwa miongoni mwa waliomvuta. Aliporudi nyumbani alikaa kizingitini na khanga yenye damu, akatukataza kuisogelea.

Kesho yake asubuhi wanaume walikwenda kwenye pampu na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Walisema bora wapasue kikombe kuliko kuzika mtu. Baba ndiye aliyeshika nyundo. Skola alikuja mbio akasimama mbele ya pampu, na mimi nyuma yake, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu nilizoea kumfuata.

"Baba, chuma hiki kinapasuka kama chungu," alisema. "Ukikipiga kitapasuka mpaka chini. Hatutakuwa na pampu tena."

"Kwa hiyo tufanyeje? Tungoje mamba ashibe?"

"Nipe muda nichukue umbo lake. Nina njia."

Sijawahi kusahau uso wa baba. Hakuwa mtu wa kusikiliza mtoto mbele za watu, tena wa kike. Lakini nyundo ilishuka polepole mpaka ikagusa ardhi. Akasema, "Mpaka kesho kutwa," akaenda zake bila kututazama.

Tulikwenda mimi na Skola kwa mzee mmoja Mpogoro aliyekuwa na mizinga ya nyuki, tukaomba nta. Skola aliilainisha juani, akakipaka kichwa cha boliti mafuta, akaikandamiza nta ndani ya kikombe kwa gumba mpaka ikajaa. Tukaimwagia maji ya baridi ya mtungini, tukangoja. Ilipotoka, ilitoka na shimo safi la pembe tano, ukingo wake umekatika vizuri kama sabuni mpya. Nilitaka kuligusa, akaniondoa mkono. Usiku ule alichonga kipande cha mninga, akikijaribu ndani ya shimo, akikitoa, akikipunguza kidogo, mpaka kikaingia bila kucheza. Kile kijiti sasa kilikuwa sawasawa na kichwa cha boliti. Kilichobaki ni mtu wa kukigeuza kuwa chuma.

Mhunzi aliyekuwa karibu ni mzee Masanja, Msukuma. Miaka hiyo Wasukuma ndio walikuwa wanaanza kuingia bondeni na ng'ombe wao, na kwetu waliongelewa vibaya kila siku, kwamba mifugo yao inakula mpunga wetu, na mara nyingine kweli ilikula. Baba hakuwa amewahi kukanyaga kwake. Siku ile alitutangulia njiani, akapiga hodi yeye mwenyewe, akavua kofia. "Shikamoo, mzee wangu," alisema. "Nimekuletea binti yangu, ana maneno na wewe."

Masanja alikigeuza kile kijiti mkononi, akakiinua kwenye mwanga. Hakuuliza maswali mengi. Alifua kipande cha plau iliyovunjika, na Skola akakisugua kwa tupa mpaka kikawa pacha wa kile kijiti. Kisha mzee akatia kipande cha bomba nene motoni, kikawa chekundu kama embe bivu, akakivalisha juu ya kile chuma. "Ng'wanike, shika koleo," alimwambia, kwa maana ya binti, na Skola akashika, akizungusha kidogo kidogo huku mzee akigonga kila ubavu mpaka bomba likachukua umbo la pembe tano. Mimi nilivuta mvukuto mpaka mikono ikafa ganzi. Cheche zilimrukia Skola kwenye gauni na hakuachia. Baba alikaa pembeni juu ya gogo. Nilimsikia akimwambia mke wa mzee Masanja, kwa sauti ya chini, "Huyu ni wangu."

Tulirudi na spana ikiwa bado na uvuguvugu. Skola ndiye aliyeishusha ndani ya kikombe, na ilishuka mpaka chini, ikakaa. Baba na mwanamume mwingine wakashika mkono wa spana wakasukuma. Kwanza haikusogea. Halafu boliti ikatoa mlio mkali, kutu ikamwagika, ikaanza kuzunguka. Ngozi mpya zilikatwa kwenye ngozi ya ng'ombe wa mzee Masanja. Maji yalipotoka, kwanza meusi, kisha meupe, mama yetu alipiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani. Mama Kaspa alikuwa bado hospitali. Walipokwenda kumpelekea habari, walimpelekea na chupa ya maji yale.

Ningependa kuishia hapo. Simulizi nyingi za utotoni huishia mahali kama hapo, watu wakicheka na watoto wakioga bila ruhusa.

Habari zilifika karakana moja ya kufundishia vijana ufundi, ambayo siku hizi haipo tena. Mkuu wake alikuja kwa pikipiki kuiona ile spana. Aliigeuza, akaipima kwa kidole, akauliza imetengenezwa na nani. Baba akamwita Skola. Alitoka jikoni, akapiga goti akasalimia, mikono ina unga. Yule mkuu akasema yuko tayari kumchukua yeyote mwenye mikono ya namna hiyo, ila alidhani ni mvulana. Bweni la wasichana hawakuwa nalo.

Baba alifikiri kidogo, kisha akasema, "Mdogo wake yupo. Walitengeneza pamoja."

Yule mkuu alinitazama, akamtazama Skola, akakubali. Mambo yalikwisha kwa upole hivyo hivyo, hakuna aliyegomba, wakanywa togwa. Skola aliuliza swali moja tu alipokuwa anaondoa vikombe.

"Na bweni likijengwa?"

"Likijengwa tutaona," baba alisema.

Nilikwenda karakanani na sanduku la bati. Nilikuwa mtoto, nilipelekwa nikaenda, na nilifurahia viatu vipya. Mikono yangu haikuwahi kuelewa chuma. Kila nilichofunga kililegea, kila nilichochomelea kilipinda. Walimu wavumilivu waliishia kuniweka stoo nitunze vifaa, na maisha yangu yote nimekuwa mtunza stoo, nikiwapa watu wengine spana. Skola aliolewa Mlimba na mtu mwema, mkulima wa mpunga. Bweni la wasichana lilijengwa akiwa ana mtoto wa pili mgongoni. Ile spana ilitunzwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati, na kila pampu iliposumbua walifungua wanaume, nao wanawake walisimama pembeni na ndoo.

Baba alipougua, miaka mingi baadaye, Skola alikuja kumuuguza. Jioni moja nilikuwa nimekaa na mgonjwa chumbani, tukisikia Skola anaponda dawa nje. Baba akasema bila kunigeukia, "Huyu ndiye niliyepaswa kumpeleka." Nikamwambia, "Mwite umwambie." Akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa enzi zake, na watu wa enzi zake walijua kusema yote isipokuwa hilo. Baada ya mazishi nilimwambia Skola maneno yale. Alikunja khanga aliyokuwa anaikunja mpaka ikaisha, akaiweka juu ya nyingine.

"Angeniambia mwenyewe," alisema.

Siku hizi bonde limebadilika. Mto Kilombero, ambao tuliuvuka kwa pantoni tukisali kimoyomoyo, una daraja. Katindiuka kuna mabomba majumbani, na watoto hawajui kuning'inia. Madukani spana zinauzwa kwenye maboksi, za pembe sita, za nyota, za kila umbo ambalo mwanadamu amelifikiria, na kijana akikutana na boliti asiyoijua anaipiga picha, anairusha kwenye kundi la mafundi, anajibiwa na mtu wa Mwanza kabla hajanawa mikono. Hawakai na shida mpaka iwafundishe. Nawacheka, na ninawaonea wivu.

Mwezi uliopita nilipita gereji moja ya pikipiki pale Viwanja Sitini. Fundi alikuwa msichana, amevaa ovaroli, grisi mpaka kwenye shavu, ameinamia injini huku mteja wake amekaa anasoma simu bila wasiwasi wowote. Hakuna aliyesimama kumtazama ila mimi. Nadhani nilisimama mno, maana aliinua kichwa akasema, "Shikamoo, baba. Nikusaidie?" Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu, naangalia tu." Tukaongea kidogo, akanieleza alivyoanza.

Wiki iliyofuata nilipanda treni nikaenda Mlimba kumwona dada. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Vidole vyake vimevimba kwenye viungo kwa miaka ya kupanda mpunga majini, na ungo anaushika kwa viganja. Nilimsimulia habari za yule binti, injini aliyokuwa anaifungua, jinsi alivyopanga nati kwenye kifuniko cha kopo ili zisipotee. Skola alisikiliza bila kusimamisha ungo. Aliniuliza injini ni ya aina gani, nami nikamjibu ni ya pikipiki. Halafu akauliza jingine.

"Baba yake anajua?"

"Baba yake ndiye aliyempeleka chuoni, dada."

Ungo ukasimama. Kuku walisogea wakaanza kudonoa punje zilizodondoka, naye hakuwafukuza.

"Kumbe siku hizi inawezekana," alisema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeambiwa kwamba njia aliyoipita kwenye matope ujana wake wote imewekwa lami, baada ya yeye kuhama.